Redio ya VHF kwenye boti ya matembezi Uingereza: je, cheti ni cha lazima?

Mgeni wa Solent:
Waheshimiwa, ninaishi Southampton, na mwezi uliopita mimi na shemeji yangu tulinunua boti ndogo ya tanga iliyokwisha kufungwa redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Aliyetuuzia alisema leseni ya chombo, ambayo Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, huitoa bure kwa njia ya intaneti, inatosha. Je, ni kweli? Na kama kuna mafunzo, mtu hufundishwa nini siku nzima, ilhali kazi ni kubonyeza na kusema?

Baharia Mstaafu:
Ndugu yangu, umepewa nusu ya habari. Leseni ni ya chombo. Anayeitumia redio hutakiwa awe na cheti chake cha mtumiaji wa redio ya masafa mafupi (Short Range Certificate), kinachosimamiwa na RYA, chama cha wanamaji wa boti cha Uingereza, au asimamiwe na mwenye nacho. Wakati wa dhiki tu ndipo yeyote anaruhusiwa kuita. Masomo unaweza kuyafuata kwa intaneti, ila mtihani utaufanya ana kwa ana.

Ama hilo la kubonyeza na kusema, hata mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza nilisema "ova", yaani nimemaliza, nangoja jibu, kisha nikabaki nimeshikilia swichi nikingoja jibu, mpaka mkufunzi aliponigusa kidole: kwenye chaneli 16, ile ya miito na dhiki, anayebonyeza hasikii, na huwazibia wengine njia. Mwito wa Mayday, yaani wa kuomba msaada maisha yakiwa hatarini, nao una mpangilio wake, na mahali ulipo hutangulia maelezo ya dhiki, ili mawasiliano yakikatika waokoaji wajue pa kuelekea.

Mama Nahodha:
Naongezea jambo moja. Chini ya kile kifuniko chekundu cha redio kuna kitufe cha dhiki ambacho, kikishikiliwa kwa sekunde chache, hutuma kwa chaneli 70 namba ya MMSI, yaani utambulisho wa redio ya chombo, yenye tarakimu 9, pamoja na mahali mlipo iwapo redio inapokea GPS. Msipoomba leseni yenu wenyewe, Walinzi wa Pwani wakiitafuta namba hiyo watakuta jina na simu ya aliyewauzia, ambaye pengine wakati huo amelala nyumbani kwake.

Mgeni wa Solent:
Nashukuruni sana. Leo asubuhi nimefungua kibao nyuma ya redio, nikakuta waya wa GPS unaning'inia bila kuunganishwa popote. Ombi la leseni nimelituma, na shemeji amekubali tusome sote wawili.