Lezi ya zamani ya Myford kutoka karakana ya shamba la mkonge: niichukue au niiache?

Karakana ya Uani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naishi Muheza, na nyuma ya nyumba nina karakana ndogo ambamo natengeneza na kukarabati mbuzi za umeme za kukunia nazi. Kila ninapohitaji shafti moja tu ikerezwe hulazimika kupanda basi hadi Tanga mjini, nikapanga foleni nyuma ya kazi za watu wengine na kusubiri siku mbili tatu. Ndiyo maana kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta lezi ndogo, yaani mashine ya kukerezea vyuma, ya kwangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilioneshwa lezi ya Kiingereza, aina ya Myford ML7, katika karakana ya shamba la mkonge lililoacha kazi zamani. Imesimama chini ya bati linalovuja, chaki yake ya taya tatu, ile inayoshika chuma kinachokerezwa, imeganda kwa kutu, na rangi imebanduka karibu yote. Mota yake ni ya umeme wa njia tatu, ilhali nyumbani kwangu nina njia moja. Mwenye mali anataka shilingi milioni tatu, na amenidokeza kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu anaifuata mwisho wa mwezi. Naomba kujua nikague nini kabla ya kutoa fedha, kutu hiyo itaondokaje bila kuiharibu mashine, na kama lezi ya vipimo vya inchi itanifaa mimi ambaye bolti zangu zote ni za milimita.

Fundi Mstaafu alijibu:

Kijana wangu, kutu isikutishe, na siku nyingine rangi mpya isikudanganye. Kinachoiua lezi ni kulika, na kulika hakuonekani ukiwa umesimama mlangoni. Katika karakana za reli nilikofanya kazi nimeona mashine nyeusi kama sufuria ya kuni zikikereza sawasawa, na nimeona nyingine zinazong'aa kwa rangi ya kijani ambazo haziwezi kutoa shafti iliyonyooka hata ya urefu wa shibiri moja.

Anza na kitanda. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo hapo ndipo kitanda hulika, na upande wa mkia hubaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Lete kigari kinachobeba kisu hadi karibu na chaki, kaza skrubu zake za pembeni mpaka kitembee kwa uzito kidogo, kisha kizungushe taratibu kuelekea mkiani. Kikikaza kidogo mwishoni, hiyo ni kawaida kwa mashine ya umri huo. Kikigoma kabisa kabla ya kufika katikati, zungumza bei upya au rudi nyumbani.

Halafu nenda kwenye kichwa. ML7 haina beringi za gololi. Spindo yake, yaani mhimili unaobeba chaki, huzunguka ndani ya metali nyeupe, ambayo hudumu sana ikipewa oili na hufa upesi ikinyimwa. Weka geji ya mshale, ile ya kupimia mwendo mdogo sana, juu ya spindo, penyeza kipande cha mti chini ya chaki, kisha inua kwa nguvu ya mkono. Mshale ukicheza kwa sehemu mbili au tatu za mia za milimita, beringi ni nzima. Ukizidi hapo bado usikate tamaa, kwa kuwa chini ya vifuniko vya beringi kuna shimu, yaani vibati vyembamba, zilizopangwa tabaka kwa tabaka, ambazo hubanduliwa moja moja hadi nafasi irudi sawa. Ila ukiona metali yenyewe imepasuka au imechubuka, itabidi isubiwe upya, na gharama hiyo uitoe kwenye bei.

Sasa fungua kifuniko uangalie gia kubwa ya spindo, jino kwa jino, ukiizungusha kwa mkono mzunguko mzima. Chaki ya mashine hii hufungwa kwa hesi, yaani mikato ya mzunguko kama ya bolti, na ikiganda kuna mafundi ambao hushika gia za nyuma ili spindo isizunguke, kisha wakaipiga chaki kwa nyundo. Chaki hufunguka, na jino la gia huondoka nayo. Kwa kuwa chaki yako imeganda, wewe usije ukafanya hivyo hivyo.

Mwisho, usiondoke pale bila kufungua kila droo na kila kopo. Gia za kubadilisha (za kukatia hesi tofauti), chaki ya taya nne na vishikio vya visu, ukivitafuta baadaye kimoja kimoja, vinaweza kukugharimu kuliko mashine yenyewe.

Nyaya Tatu alijibu:

Naongeza upande wa umeme tu. Inveta ndogo inayopokea volti 230 za njia moja hutoa njia tatu, lakini za volti 230 hizo hizo. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, utabadilisha vibati vya kwenye kisanduku kutoka nyota kwenda pembetatu (namna mbili za kuunganisha koili) na kazi imekwisha. Mota nyingi za Kiingereza za zamani zimeandikwa 415 peke yake na zina nyaya tatu tu zinazotoka nje, kwa sababu ile nyota imefungwa ndani kabisa ya koili. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuifukua na kutoa nyaya sita, lakini insulesheni ya umri huo hukatika kama majani makavu, na mimi mwenyewe niliwahi kuharibu mota nzima kwa njia hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba, kama imeandikwa 415 peke yake, uiweke kando na utafute mota ya njia moja ya nusu hospawa, yaani kilowati 0.37, yenye mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika. ML7 haihitaji zaidi ya hapo. Usisahau waya wa ardhi kwenye kitanda cha chuma.

Bi Tupa alijibu:

Kuhusu kutu, nianze na kosa langu. Lezi yangu ya kwanza niliisafisha kitanda kwa grainda yenye diski ya msasa. Kilimetameta kama kioo, nami nikajisifu, mpaka nilipokereza bomba na kukuta upande mmoja mnene kuliko mwingine. Nilikuwa nimekula chuma chenyewe pamoja na kutu. Kitanda husafishwa kwa mafuta ya taa, pamba laini ya chuma na uvumilivu.

Vipande vinavyofunguka, kama taya za chaki na mikono ya kuzungushia, viloweke kwenye molasi, sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji. Wauzaji wa chakula cha ng'ombe wanayo. Acha kwa wiki moja, tazama, na ukiona bado rudisha wiki nyingine. Harufu yake majirani hawataipenda, na chuma kitatoka na utando mweusi unaofutika kwa brashi. Usitumbukize humo kitu cha alumini.

Ukiwa na haraka, tumia umeme wa chaja ya betri ya gari. Futa magadi kwenye ndoo ya plastiki ya maji, kipande chenye kutu kiwe upande wa hasi, na chuma cha kutupa kiwe upande wa chanya bila kugusana na mwenzake. Chuma hicho cha kutupa kisiwe kabisa cha ile aina isiyoshika kutu, kwa sababu kromiamu yake hugeuka sumu ndani ya maji. Fanya kazi nje, mbali na moto, maana povu lile ni haidrojeni. Tena magadi ya sokoni huwa na chumvi, na chumvi ikipitishwa umeme hutoa gesi inayokereketa koo. Rangi ya zamani nayo usiisugue ikiwa kavu, kwani huenda ina risasi, ilowanishe kwanza.

Na tafadhali, usije ukaipa oili chafu ya gari kama wafanyavyo wengi. Ile ina vumbi la chuma ndani yake. Beringi zipe oili ya haidroliki namba 32, kitanda namba 68.

Karakana ya Uani alirudi:

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda na geji ya kuazima. Spindo inacheza sehemu nne za mia. Kigari kilianza kukaza nilipopita katikati lakini kilifika mwisho. Gia kubwa ina meno yake yote. Kibao cha mota kimeandikwa 415 peke yake, kwa hiyo nitafuata ushauri wa Nyaya Tatu. Gia za kubadilisha nilizikuta ndani ya kopo la samli, zikiwa zimezama kwenye grisi iliyogeuka kama nta, na zote ni safi. Nimehesabu kuanzia meno 20 hadi 65. Mwenye mali ameshuka hadi milioni mbili na laki mbili. Lililobaki ni lile la inchi na milimita.

Fundi Mstaafu alijibu:

Kwa bei hiyo ichukue, mwanangu. Hiyo sehemu nne ni shimu moja tu kila upande.

Kwa vipenyo, inchi haitakusumbua. Mstari mmoja kwenye duara la kusogezea kisu ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na ukisogeza mstari mmoja shafti hupungua kipenyo kwa takriban milimita 0.05. Mengine yote utapima kwa venia (kipimio cha taya) ya milimita kama kawaida.

Hesi ndizo zenye hesabu. Skrubu ndefu ya ML7, inayosukuma kigari wakati wa kukata hesi, ina meno manane kwa inchi, yaani milimita 3.175 kwa mzunguko. Ukitaka hesi ya milimita 1, kama ya bolti ya M6, kati ya spindo na skrubu hiyo gia ya meno 21 isukume ya 50, na ya 30 isukume ya 40. Zidisha mwenyewe: utapata milimita 1.0001, na hakuna nati itakayolalamika. Kwa M8, yenye hesi ya 1.25, 21 kwa 40 na 45 kwa 60. Ila ukishafunga nati ya skrubu ndefu usiifungue mpaka hesi iishe. Rudisha kigari kwa kuzungusha spindo kinyumenyume kwa mkono, kwa sababu mota ikizungushwa kinyume inaweza kuifungua chaki.

Kwa hiyo gia unayoikosa ni moja tu, ya meno 21. Nipimie kwa venia unene na tundu la ile ya meno 20, pamoja na upana wa kijito cha ufunguo (mfereji wa kuifungia gia kwenye shafti), nami nitakukatia huku Morogoro.