NNE NA KITU?? Fundi anapima konrodi kwa futi ya cherehani jamani!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, mikono bado ina oili simu inateleza, herufi zikikosewa vumilieni. Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule wa kukereza, mwenye redio inayoshika stesheni moja na ovaroli ambayo ukiikamua unapata lita nzima ya SAE 40.

Carina Ti yangu, ile ya injini ya 5A, imegonga wiki mbili, nikashusha injini mwenyewe nyumbani chini ya mwembe, nakuta beringi ya namba 3 imezunguka ndani ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki), imelika mpaka inakata kama wembe. Sasa beringi ikishazunguka lile tundu kubwa la konrodi linaweza likawa limevutika, sio duara tena ni yai, ukitia beringi mpya humo hela yako umeitupa baharini. Ndo nikabeba konrodi zote nne kwenye ndoo, nimezifunika na kanga ya wife, daladala kutoka Mbagala mpaka kwake zikapimwe. KUPIMWA wakuu. Unafunga kofia yake, kile kipande cha chini cha bolti, bila beringi, unabana kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu, unapima tundu kwa ndani juu chini halafu mshazari huku na huku, unaangalia vipimo vinapishana kiasi gani. Hapa tunaongelea sehemu za mia za milimita, uwazi wa kupita oili wenyewe ni kama 0.02 mpaka 0.05 hivi, unywele unaweza ukagoma kupita.

Jamaa akafungua droo. Nikajua inakuja bo geji, kile kifaa cha kupimia tundu kwa ndani. Ikatoka FUTI YA CHEREHANI. Ile laini ya njano, ina chaki ya bluu na namba za mwanzo zimefutika. Akailaza juu ya tundu, akafumba jicho moja kama analenga ndege kwa manati, akasema "nne na kitu."

Nne na kitu.

Wakuu hicho KITU ndo nilichokifuata mimi! Nne naijua, mwanangu wa chekechea anaijua, nimepanda daladala mbili kwa ajili ya kitu!

Nikamwambia kwa upole kabisa, kaka mkubwa, hii si inataka maikromita? Akawageukia vijana wake: "Huyu amekuja kupima konrodi au kushonewa suti?" Wakacheka mpaka muuza kahawa akacheka na wala hajui konrodi ni nini. Sasa naomba mnisaidie, aliyeshika futi ya kushonea pale ni nani, mimi au yeye???

Na hapo sijasema alichukua kofia ya namba 2 akaifunga kwenye konrodi ya namba 3. Nilizitia doti mwenyewe kwa rangi ya kucha, doti mbili, doti tatu, kipofu anaziona. Kofia na konrodi yake tundu lao linachongwa zikiwa zimefungwa pamoja, ukichanganya umeharibu. Ananiambia "zote si za Toyota?" Halafu anataka 10,000 ya vipimo. Vipimo! Nne na kitu, elfu kumi.

KofiaYaRejeta: Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila uzi bila picha ya futi mods wafunge.

Mzee wa Gasketi: Hahaha namjua huyo. Mimi hedi ya Noah alinipimia kama imepinda kwa kuchungulia, eti "mwanga haupiti". Ilikuwa saa moja usiku mkuu, huo mwanga upite umetoka wapi

Dogo Spana: Samahani mkuu, na wewe huko mwembeni spana ya toki unayo au unabana mpaka mshipa wa shingo utoke?

(mleta uzi): Nimeazima. Usinitoe kwenye reli dogo. Nne na KITU.

bajaji_mbovu: Kwahiyo umepanda daladala na konrodi zimevishwa kanga zimepakwa rangi ya kucha. Konda hakukuuliza bi harusi ni yupi?

Dogo Spana: 😂😂😂 nimemwaga chai

bajaji_mbovu: Kwa ushauri tu, chukua 5A ya mtumba uachane na hesabu za shule

Shangazi Kitenge: Mie injini siijui ila futi naijua. Kuna fundi nguo mmoja huku simtaji, alinipima gauni la sendoff ya mdogo wangu, nikamuuliza kiuno ngapi akasema "usijali dada nimekishika kichwani". Limekuja bega moja liko juu moja liko Kigoma, zipu haivuki mbavu!!

Mzee wa Gasketi: Shangazi kumbe hawa wamebadilishana vifaa. Wako ndo kakaa na maikromita ya watu

KofiaYaRejeta: Wa kwangu alikata suruali ya shule ya dogo ikawa kaptura. Akaniambia atakua, ataienea. Sasa akikua si ndo itazidi kuwa fupi??

Shangazi Kitenge: Wote baba mmoja hao. Na hela ya kitambaa harudishi

(mleta uzi): Jamani uzi ni wa konrodi. Hivi kuna mtu anajua pa kupimia kwa bo geji au ndo nimeze na kitu changu

KofiaYaRejeta: Mkuu subiri kwanza. Shangazi, hiyo sendoff ilikuwaje sasa?

Shangazi Kitenge: Nilivaa dera.