Naomba ushauri: nawaambiaje wateja kwamba bei inapanda?

Habari zenu wakuu. Nina biashara ndogo ya udobi, nafua na kupiga pasi, na wateja wangu wengi ni wa kudumu. Sasa sabuni imepanda, umeme umepanda, kijana anayenisaidia nae anastahili kuongezewa, ila bei yangu ni ile ile ya tangu naanza. Mablanketi ndo yananimaliza kabisa, yanakula maji na sabuni, kukauka ni siku nzima halafu hela yake haipishani sana na ya shati.

Kupandisha nimeshaamua, shida ni namna ya kuwaambia. Kubandika tangazo mlangoni tu naona kama ni kuwavizia, mtu kaja na mzigo wake begani ndo anakutana na bei mpya, sio vizuri. Nimeandaa meseji ya WhatsApp: "Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao bei zitabadilika. Nguo zitakazopokelewa kabla ya hapo ni bei ya zamani. Asanteni kwa kuendelea kutuamini."

Je niweke na sababu, au nikijieleza sana ndo nafungua mlango wa kubembelezana bei? Na wale wa siku nyingi niwaache kwanza kwenye bei ya zamani? Naogopa maana wateja wanaongea, wakijua kuna bei mbili itakuwa kesi. Waliowahi kupitia hili, mlipandisha kwa mkupuo au kidogo kidogo? Na mteja akikwambia "basi napeleka kwingine" unamjibuje mkaachana kwa amani?