Kima na papa darasani: kisimuliwe au kiachwe?

Mzazi wa Chukwani: Assalaam alaykum. Mwalimu wa darasa la tatu kawasimulia watoto wetu kisa cha kima na papa. Papa kampakia rafiki yake mgongoni. Walipofika kati ya bahari akamwambia Sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema moyo kauacha mtini. Wakarudi, akapanda, hakushuka tena. Mzazi mmoja kaja juu, ati skuli inafundisha uongo. Mnaonaje?

Ustadhi wa Mkoani: Kiachwe. Mtoto mdogo hatenganishi uongo wa kuokoa roho na wa kumdanganya mamake. Tena huku Pemba kima nani anamjua? Walimu wa Unguja wanadhani kila mahali ni msitu wao wa Jozani wenye kima.

Binti Ngezi: Ustadhi, umeshafika msitu wa Ngezi hapo Pemba wewe? Kima punju wapo! Waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Ustadhi wa Mkoani: Waliletwa, umesema mwenyewe. Mnyama wetu ni popo, nendeni Kidike huku Pemba mkamwone. Watoto wetu watungiwe kisa cha popo.

Kijana wa Ng'ambo: Popo ana mbawa, atapanda papa kwa shida gani? Kisa kinasimama kwa sababu kima hana pa kukimbilia.

Ustadhi wa Mkoani: Mnatudharau hivi hivi kila siku.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, kisa mmekikata nusu. Askofu Steere, yule mmisionari wa Kiingereza, alikiandika kwa kusimuliwa hapa Unguja, akakichapisha London 1870, na ndani mna punda wa dobi. Papa alipomwita tena, kima alimpa habari za punda: sungura kampeleka kwa simba, akaumizwa, akakimbia; kaja kubembelezwa mara ya pili, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, akamwambia simba punda huyu angekuwa navyo asingerudi. Mkiliondoa hilo, kweli unabaki uongo mtupu. Mimi niliwauliza watoto: papa alikuwa na njia gani nyingine? Walibishana mpaka kengele.

Kijana wa Ng'ambo: Yaani hadithi za bibi zetu mpaka zithibitishwe na askofu? Bibi yangu hakumjua Steere.

Mwalimu Mstaafu: Sikusema zithibitishwe. Aliandika maneno ya Wazanzibari. Na kabla yake kipo katika Kalila wa Dimna, kitabu cha kale cha visa vya wanyama; Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8. Humo ni kima na kobe.

Ustadhi wa Mkoani: Na Kalila wa Dimna chimbuko lake Uhindi. Basi si chetu, wala kima si wetu.

Kijana wa Ng'ambo: Mkarafuu nao uliletwa. Uung'oe Pemba nzima, Ustadhi?

Ustadhi wa Mkoani: Karafuu usiiguse! Karafuu imetusomesha.

Mzazi wa Chukwani: Jamani, kikao cha wazazi ni kesho. Nikaseme nini?

Mwalimu Mstaafu: Kaseme kisimuliwe chote, na punda ndani, kisha watoto waachwe wabishane.

Binti Ngezi: Na Ngezi wapo.