Breka ya saluni inashuka kila asubuhi, niweke ya 32?

Msusi wa Sakina: Habari zenu wakuu. Nina saluni hapa Sakina, Arusha. Baridi hii ya Julai, nikiwasha drya mbili na birika la maji ya kuoshea, zikipita dakika kama 10, breka ya ampea 16 inashuka. Mteja ana povu kichwani! Fundi kasema niweke ya 32 yaishe.

Babu Waya: Dada, usithubutu. Drya wati 1,500 mara mbili, birika 2,200: jumla 5,200. Gawa kwa volti 230, ni ampea 22 na ushee. Ndani ya breka kuna kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Kikipata joto kinapinda polepole mpaka kinafyatua. Ndiyo maana unapata hizo dakika. Ingekuwa shoti, koili ya sumaku ingefyatua papo hapo. Ukiweka 32, kitakachochemka ni waya ukutani.

Msusi wa Sakina: Waya ni wa unene wa milimita za mraba 2.5.

Babu Waya: Bado 32 haifai. Birika livutiwe laini yake na breka yake. Na mikono yenu ina maji kutwa, je, mna ile breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha T cha kuijaribu?

Msusi wa Sakina: Kipo, nilidhani pambo 😅

Babu Waya: Kibonyeze. Isiposhuka, ibadilishwe leo.