Mjadala: Njombe tujengewe tawi la reli kwa ajili ya matufaha?

Mwana Njombe: Wakuu, tufaha letu linapanda lori mpaka Dar wakati TAZARA inapita Makambako, mlangoni kabisa. Kwa nini hatudai tawi? Kule Stanthorpe, Queensland, Australia, nyanda za baridi kama huku kwetu, mwaka 1920 walifungua tawi kutoka Cottonvale hadi Amiens, kama kilomita 19. Askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza waligawiwa mashamba ya matunda, reli ikawafuata. Vituo vikaitwa Pozieres, Bullecourt, Messines, Passchendaele, kule walikopigana. Hiyo ndiyo serikali inayoheshimu watu wake!

Karani wa Mizigo: Malizia basi mkuu. Tawi hilo lilifungwa 1974, na matufaha Stanthorpe yapo mpaka leo. Treni ya matunda ina mzigo wakati wa msimu tu, ila njia inataka mafundi mwaka mzima. Tena tufaha halitaki kushikwashikwa. Lori linapakia shambani, linashusha sokoni. Kwa reli unapakia, unashusha, unapakia tena, na kila mkono unachubua.

Mwana Njombe: Limebeba mizigo zaidi ya miaka 50, unaita hasara? Bila reli nani angepanda miti kule porini?

Binti wa Kariakoo: Mimi nimekwama kwenye "serikali inayoheshimu watu wake". Vita hiyohiyo, wapagazi wetu walibebeshwa risasi na unga wa jeshi la Mwingereza, wakafa maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara. Nani alipewa shamba? Nani alipelekewa reli? Walichoachiwa ni jina la kambi yao, "Carrier Corps" (kikosi cha wapagazi), ndiyo Kariakoo hii tunayouzia nyanya.

Karani wa Mizigo: Dada, mada ni reli.

Binti wa Kariakoo: Mada ni heshima, nyie ndio mmeileta. Usinifunge mdomo.

Shangazi Nakuru: Mwacheni aseme. Kwetu Kenya 1919 mashamba ya wanajeshi waliorudi yaligawiwa wazungu, na Wanandi wakanyang'anywa ardhi kwa mpango huohuo. Halafu zikaja reli za matawi: Solai, Kitale, Thomson's Falls. Za nani hizo?

Mzee wa Stesheni: Shangazi, reli ya Kitale ilibeba mahindi ya kila mtu. Msituharibie historia ya reli kwa hasira.

Shangazi Nakuru: Ya kila mtu? Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umenikosea. Mwafrika alikatazwa hata kulima kahawa miaka hiyo, wewe unaniambia ya kila mtu!

Mzee wa Stesheni: Marahaba. Mimi nimezungumzia mahindi, sikutaja kahawa.

Mwana Njombe: Jamani, tufaha…

Binti wa Kariakoo: Na hiyo Stanthorpe yenu, mnaita pori? Ilikuwa na wenyewe kabla ya askari. Hao kituo chao kiko wapi?

Karani wa Mizigo: Askari wenyewe wengi walishindwa wakaondoka: vishamba vidogo, mtaji hakuna, kilimo hawakijui. Kumpa mtu jina la vita kwenye kibao cha kituo hakumlipii mbolea.

Binti wa Kariakoo: Angalau kibao alipewa. Askari wa bunduki naye ana sanamu pale Posta tangu 1927. Mpagazi nionyeshe ya kwake.

Mzee wa Stesheni: Sanamu ile ni ya wote.

Binti wa Kariakoo: Mzee, imeshika bunduki!