Nimepangiwa Mafinga JKT kwa mujibu wa sheria, nina pumu na mama anaogopa, niende?

BintiTanga

Habari zenu wakuu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, majina ya mujibu wa sheria, yani mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa tuliomaliza form six, yametoka na nimejikuta Mafinga JKT mkoani Iringa, mimi nimezaliwa Tanga nimesoma Tanga, baridi ya Iringa naisikia tu kwa watu. Mwenyewe kiukweli natamani kwenda, tangu nikiwa form two nikiwaona kaka zetu wanarudi wamekakamaa wanaimba chenja, zile nyimbo za jeshini, mtaani nilikua najisemea na mimi siku yangu itafika. Ila nina pumu, sio ile kali ya kulazwa kila mara lakini nikikimbia sana au vumbi likizidi kifua kinabana, na mama ameng'ang'ania nisiende anasema nitaletwa kwenye sanduku. Alafu kuna rafiki zangu wanasema wao hawaendi kabisa kwasababu matokeo yatatoka tukiwa kambini, maombi ya chuo na ya mkopo yatatupita. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie, hasa akina dada mliopita, maisha ya kule yakoje na nibebe nini, na hii pumu nifanyeje. Asanteni.

Kuruta_Mstaafu

Mdogo wangu nenda. Mi nilipita kwa mujibu, kambi nyingine sio hiyo, na nakwambia zile wiki za mwanzo ndo utalia, baada ya hapo mwili unazoea mpaka unajishangaa. Asubuhi giza bado mnaamshwa mchakamchaka, mkirudi usafi wa hanga, yani bweni mnalolala, na mazingira, uji, kisha kwata, zile hatua za gwaride, mpaka jua linawaka, mchana darasani mnafundishwa uraia na historia ya nchi na mambo ya ulinzi, jioni fatiki, yani kazi za mikono, shamba, kubeba kuni, kufyeka, inategemea kambi. Usiku roli koli mnahesabiwa, na kuna siku zamu ya lindo inakuangukia wewe. Kitu kinachowashinda wengi sio mbio, ni usingizi, kwahiyo ukipata nafasi ya kulala we lala usikae kupiga stori hangani.

Vitu vya kubeba vimeandikwa kwenye tangazo lenyewe, soma kwa makini maana ukikosea rangi unaanza kuhangaika kabla hata hujapokelewa. Bukta bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, ifike magotini na isiwe na zipu, tisheti ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti ya kijani au bluu, na nauli ya kwenda NA KURUDI. Watu wanasahau hiyo ya kurudi. Halafu kwa Mafinga ile sehemu ya nguo za kuzuia baridi usiichukulie poa, mwezi wa sita na wa saba kule ndo kipindi chenyewe cha baridi, beba sweta la maana na fulana za kuvalia ndani.

mkude_jr

Mimi natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Rafiki zangu kibao hawakwenda na wote wapo chuo saivi, hakuna aliyewafuata nyumbani. Kwa mtu mwenye pumu ningemwambia asikilize mama yake. Miezi mitatu anaweza kusoma kompyuta au kujifunza ufundi wowote ule, kule anaenda kufyeka nyasi na akirudi ajira hakuna, JKT wenyewe kila mwaka wanasema hawatoi ajira.

Mzee wa Kombania

Kijana Mkude, nakuheshimu lakini hilo la kumwambia mtoto wa watu asiitikie wito ambao upo kisheria mimi siliungi mkono. Kama afya haimruhusu zipo njia za kwenda kusema na kuonesha vyeti vya daktari, ila kukaa kimya tu nyumbani kisa hakuna anayekufuata sio ushauri wa kumpa binti anayeanza maisha.

Mwanangu BintiTanga, marahaba. Sisi tulikwenda miaka ya themanini, baada ya form six ilikua mwaka mzima ndio unaingia chuo kikuu, leo nyinyi mnakaa miezi mitatu. Jeshi hili limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963 na Mwalimu alikua na sababu zake, nchi ndo imepata uhuru, makabila zaidi ya mia moja na ishirini, wasomi wachache wanaanza kujiona wao ni watu wa tabaka lingine. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga huu utaratibu wa lazima, hasa lile suala la kukatwa sehemu ya mshahara, Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Watu wanabishana mpaka leo kama alikua sahihi kuwafukuza, na mimi naona adhabu ile ilikua nzito, lakini hoja yake kwamba msomi ashike jembe pamoja na mtoto wa mkulima mimi naiamini mpaka kesho. Mwaka 1994 mafunzo haya ya lazima yakasitishwa, yakarudi 2013, na mwaka huo hata baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini. Katikati hapo kuna kizazi kizima hakikupita na ukikaa nacho kazini unaona, mtu anakaa mkoa mmoja toka azaliwe anawasema vibaya watu wa mkoa mwingine ambao hajawahi hata kula nao. Mimi rafiki yangu mkubwa mpaka leo ni Mnyakyusa tuliyelala vitanda vya kukaribiana kambini, mimi mtu wa Mara, tusingekutana popote pale.

Kuhusu ajira ni kweli usiende kwa ajili hiyo. Mujibu wa sheria na kujitolea ni vitu viwili tofauti, wale wa kujitolea wanakaa miaka miwili na ndio wengi wanaosubiri nafasi za vyombo vya ulinzi. Wewe unakwenda kulelewa na kujifunza, ukimaliza unaenda chuo. Na mtu yeyote akikupigia simu eti mtumie hela akubadilishie kambi au akutafutie nafasi jeshini huyo ni tapeli, mkatie simu.

nesi_mama_wawili

Mwanangu pole na hiyo pumu, mimi ni muuguzi naomba unisikilize vizuri hapa kwasababu hili ndilo la kukuamulia, mengine yote yanazoeleka.

Usiende kabla hujaonana na daktari anayekutibu. Sio duka la dawa, daktari, akupime kifua, mweleze wazi unakwenda kukimbia kila alfajiri sehemu ya baridi na iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari. Pumu inayobana ukikimbia mara nyingi maana yake haijadhibitiwa vizuri, na watu wengi huku kwetu wanatumia ile pampu ya bluu peke yake, ambayo inafungua kifua kwa muda tu, wakati wanahitaji pia pampu ya kuzuia ambayo inatumika kila siku hata kama hujisikii vibaya. Ile ya kuzuia inachukua wiki kadhaa mpaka ifanye kazi yake sawasawa, kwahiyo usisubiri wiki ya safari. Daktari akisema kifua chako hakiko tayari basi mkubali, akuandikie barua na muipeleke inakohusika, usiende kwa kulazimisha.

Akikuruhusu, mwombe akuandikie cheti kinachoeleza hali yako na dawa zako, utoe kopi kadhaa, na dawa beba za kutosha mpaka utakaporudi. Ukifika kuna kupimwa afya, hapo usifiche kitu. Nasema hivi kwa uchungu, nimeshapokea vijana waliokua wanaficha pumu wakiogopa kuchekwa au kurudishwa, wanaletwa hawawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Afande hawezi kujua kwamba unabanwa kama hujamwambia, ataona unategea. Mwambie mkufunzi wako wa karibu, mwambie matroni na mwenzako wa kitanda cha jirani, na pampu ya bluu ikae mwilini muda wote, isikae kwenye begi hangani wakati wewe uko uwanjani.

Muulize pia daktari kama utumie ile ya bluu robo saa hivi kabla ya mbio, wengi inawasaidia. Alfajiri ya baridi jaribu kuvuta hewa kwa pua, na usianze kwa kasi, mwili upate moto kwanza. Kwenye usafi wa vumbi omba kumwagia maji kabla ya kufagia au omba kazi nyingine. Na ukiona umepuliza pampu na haikusaidii kama ilivyozoea, au unashindwa kuongea, hiyo sio ya kusubiri paredi iishe, zahanati hapo hapo.

Mama yako usimbishie, nenda nae huko kwa daktari asikie mwenyewe.

dada_wa_Mlale

Mdogo wangu mimi nilikua Mlale kule Ruvuma, na kule baridi ipo nakuelewa. Kwa upande wetu wasichana: nywele utanyoa kwahiyo usisuke, hela yako itapotea bure. Taulo za kike beba za kutosha, na chupi nyingi za pamba kwasababu kufua na kukausha kwenye baridi ni shughuli. Mafuta ya mgando ya kupaka miguu na midomo, midomo inapasuka. Wasichana mnalala hanga lenu na mnakua na matroni, ukipata shida yoyote, hata ile ya mtu kukusumbua, unaenda kwake au kwa mkubwa mwingine unayemuamini, usikae nayo moyoni.

Kuhusu chuo na mkopo hao rafiki zako wana sababu ya kuogopa ila dawa yake ni kujipanga mapema. Matokeo yanatoka mwezi wa saba na dirisha la vyuo hua linafunguliwa hapo hapo. Tangazo la JKT lenyewe linasema uje na nyaraka zote za kujiunga na elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, beba na kopi. Ila simu usitegemee kukaa nayo. Mimi kabla sijaondoka nilikaa na kaka yangu tukaandika kozi ninazotaka kwa mpangilio na vyuo vyake, tukafungua barua pepe moja mpya neno la siri analo yeye, namba yangu ya form four na ya form six anazo, na cheti cha kuzaliwa tukakihakiki RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, mapema kwasababu bodi ya mikopo wanataka kilichohakikiwa na foleni ya mwisho hua inachelewesha. Ile fomu ya mkopo ina saini za serikali ya mtaa na za mwanasheria na mdhamini, mtafute mdhamini kabisa kabla ya safari na mchukue kopi ya kitambulisho chake na picha. Kambini niliomba ruhusa nikapiga simu, nikamwambia kaka kozi ya kwanza ibaki ya pili abadilishe. Nikaingia chuo na mkopo nikapata. Ila lazima awe mtu makini, sio yule anayesahau kila kitu.

BintiTanga

Jamani asanteni sana, nimesoma yote nimemsomea na mama, ile ya nesi amenirudishia mara mbili. Kesho tunaenda hospitali. Shikamoo mzee, nimekuelewa. Maswali mawili tu ya mwisho, je nianze kukimbia sasa hivi mtaani au nisubiri daktari, na kwa mtu anaetoka Tanga anafikaje Mafinga bila kuingia usiku?

nesi_mama_wawili

Subiri kesho kwanza. Akikuruhusu anza na kutembea haraka nusu saa, kisha changanya kutembea na kukimbia taratibu, ongeza kidogo kidogo kila wiki. Kama unaweza kuongea huku unakimbia basi kasi ni sahihi. Na hizo raba mpya zivae sasa hivi kwenye hayo mazoezi, ukizivaa mara ya kwanza kambini utapata malengelenge.

Kuruta_Mstaafu

Njia ni Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, unapanda mlima Kitonga unaipita Iringa ndo Mafinga, ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kwa siku moja kutoka Tanga utafika usiku, mimi ningekushauri ulale Morogoro kwa ndugu kama yupo, asubuhi upande gari la mapema utafika mchana kweupe. Sweta liwe mkononi sio chini ya buti la basi, ukimaliza tu kupanda Kitonga utalitafuta. Na usisubiri siku ya mwisho ya kuripoti, wanaofika mapema ndo wanachagua kitanda.